Huduma ya kupanga kazi za kikundi, Lamu: inapofaa na inapopungua

Ipo huduma inayotolewa siku hizi katika mji wa Lamu na visiwa vyake ambayo si semina ya kupeana vyeti wala si ukaguzi wa hesabu. Wawezeshaji wawili huja kukaa na kikundi kwa siku mbili, wakakisaidia kujua kazi zake ni zipi, kila kazi ni ya nani, na itajulikanaje kuwa imekwisha. Kikundi chetu cha kupanda mikoko kiliilipia huduma hiyo kabla ya msimu wa kupanda uliopita, na kwa kuwa watu wa vikundi vya Pate na Mokowe wamekuwa wakiniuliza kama inastahili fedha zake, nimeona heri niandike kwa kirefu badala ya kumjibu kila mmoja peke yake. Jina la watoa huduma siliweki hapa, kwa sababu nitataja upungufu wao pamoja na mazuri yao. Mji wenyewe ni mdogo, na anayewataka hatakosa wa kumwelekeza.

Nianze na hukumu. Huduma ilistahili bei yake, lakini kwa jambo dogo kuliko yale waliyoyatangaza. Wao hujisifia majedwali, kadi za rangi na mpango wa kazi wa mwaka mzima unaobandikwa ukutani, na vyote hivyo tulipewa. Kilichotufaa hasa ni swali walilolirudia kwa kila kazi bila kuchoka, hata watu wakaanza kulijibu kabla halijaulizwa: "Tukifika pale, tutaona nini ndipo tujue kazi hii imekwisha?"

Bei ni Sh15,000 kwa siku kwa wawezeshaji wote wawili. Nauli ya boti kutoka Mokowe, malazi, chakula na mahali pa kukutania ni juu ya kikundi. Sisi tulipewa chumba cha madrasa wakati wa likizo, na kina mama wakapika mahamri na mbaazi, hivyo gharama za pembeni hazikutuumiza. Lakini kikundi kinachotegemea kukodi ukumbi wa hoteli kijiandae, kwani huenda ukumbi ukagharimu kuliko wawezeshaji wenyewe.

Ili msomaji aelewe kilichorekebishwa, ni lazima ajue kazi zetu zilivyokuwa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu, na kazi ya kuirudishia pale ilipokatwa inafanywa kwa sehemu kubwa na vikundi kama chetu, vyenye kina mama wengi, vijana wachache na mabaharia wenye vyombo vyao. Kazi kubwa ni kitalu, na katika kumbukumbu za vikao vyetu, mwaka nenda mwaka rudi, imeandikwa "kutunza kitalu", na mbele yake, mahali pa jina la mhusika, "wote". Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kitalu cha mikoko hunyweshwa na bahari yenyewe: wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hupanda yakafunika matuta yote, na mtu hana la kufanya ila kuondoa majani ya bahari yaliyokwama juu ya miche. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haipandi sana, yakiingia, matuta ya juu hayafikiwi tena, na kwa siku kadhaa maji yasipochotwa kwa ndoo udongo ulio ndani ya viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, hukauka ukapasuka, na miche michanga ikafa. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alijua kwa hakika kuwa wenzake ni wengi na kwamba bila shaka mmoja wao amekwenda.

Wawezeshaji walilieleza jambo hilo kwa kisa cha Max Ringelmann, Mfaransa aliyekuwa mtaalamu wa uhandisi wa kilimo, ambaye alipima nguvu za watu wanaovuta kamba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1913. Aliona kwamba watu wakiongezeka kwenye kamba, jumla ya nguvu huongezeka, lakini sehemu ya kila mmoja hupungua. Wakifika wanane, kila mtu anavuta karibu nusu tu ya kile anachoweza akivuta peke yake. Kisa hicho kilipokewa vizuri katika chumba kilichojaa watu ambao wamevuta mashua mchangani tangu utotoni, lakini nahodha mmoja hakukubali kirahisi. Alisema kuwa watu hao wa Ufaransa hawakuwa na mwimbishaji. Penye mtu wa kuita na watu wa kuitikia, wanane huvuta kama wanane. Mwezeshaji hakubishana naye, na alifanya vyema, kwa sababu watafiti waliokuja baadaye waligawa upungufu huo sehemu mbili: sehemu moja hutokana na watu kutovuta kwa mpigo mmoja, na nyingine na mtu kujilegeza akijua kuwa yuko miongoni mwa wengi. Nahodha alikuwa ameitaja ile ya kwanza. Wimbo huiponya, ile ya pili haiponywi kwa wimbo, na ndiyo iliyokuwa ikitukaushia miche.

Nieleze namna swali lile lilivyofanya kazi, kwa mfano mmoja tu, kwa sababu ndani yake mna thamani yote ya huduma. Siku ya kwanza kila mtu aliandika au kuandikiwa kazi anazozijua kwenye kadi, kazi moja kadi moja, kisha kadi zikapangwa sakafuni, juu ya mikeka. Wasiosoma walichorewa picha, ndoo kwa kunywesha, gunia kwa kukusanya mbegu, mtumbwi kwa kusafirisha, na picha hizo zimebaki hadi leo kwa sababu hata wasomaji wamezipenda. Ilipofikiwa kadi ya kukusanya mbegu, mwezeshaji aliuliza swali lake, na kijana mmoja akajibu upesi kuwa kazi hiyo imekwisha magunia yakijaa.

"Magunia kujaa si kazi kwisha, mwanangu," alisema mama mmoja ambaye ameshika mikoko kabla ya wengi wetu kuzaliwa. "Mbegu ya mkoko isiyopata ile pete ya manjano pale inaposhikana na tunda lake haijapevuka. Ukiipanda, umepanda kijiti."

"Basi mama, zikifika hapa ni nani anayezichambua?"

Jibu halikupatikana. Mabaharia walidhani kina mama huzichambua zikifika kitaluni, kina mama walidhani vijana huchuma zilizopevuka tu, na vijana walikuwa wakichuma kwa kasi ili wapate maji ya kurudia kabla chombo hakijakwama kwenye tope. Baina ya kazi mbili ambazo kila mtu alizifahamu palikuwa na kazi ya tatu isiyokuwa na mwenyewe, na kwa misimu yote hiyo haikuwahi kutajwa katika kumbukumbu, kwa sababu hakuna anayeandika kazi asiyojua kuwa ipo. Kadi mpya iliandikwa papo hapo: kuchambua mbegu zikiwa bado chomboni, zisizo na pete na zilizotobolewa na wadudu ziachwe, na kazi ihesabiwe imekwisha pale mbegu safi zinapokuwa zimehesabiwa na kuwekwa kivulini. Mama yule yule akapewa dhamana yake.

Kwa njia hiyo hiyo yaligunduliwa mengine, ambayo nitayapita haraka. Kadi ya idhini ya eneo la kupanda ilikuwa ikihesabiwa imekwisha tuliposema "tumezungumza na ofisi". Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932 na iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, kwa hiyo sasa kadi hiyo haisogei mpaka barua iwe ndani ya faili. Kadi ya kupiga picha za maendeleo kwa ajili ya wafadhili ilionekana kuwa na watu wengi mno walioishughulikia, ilhali kazi ya kuhesabu miche iliyokufa haikuwa na hata mmoja.

Jambo la pili lililotufaa, na ambalo lilileta mjadala mrefu kuliko yote, ni sharti lao kwamba kila kadi iwe na jina la mtu mmoja. Si kamati, si "vijana", si "wote". Katika kikundi cha watu wanaojuana na kuoana, kumwandika mtu mmoja huonekana ama ni kumtwisha mzigo ama ni kumpa cheo, na vyote viwili vina maneno yake barazani. Wawezeshaji walilitatua nusu ya tatizo kwa kueleza kuwa mwenye dhamana si lazima afanye kazi kwa mikono yake. Yeye ndiye anayejibu ikiulizwa, na anaweza kuwapanga wengine wafanye. Nusu iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi: ni nani atakayeuliza? Kijana wa Lamu hawezi kusimama mbele ya mzee wa makamo ya babu yake akamwambia, mbona hujafanya. Na akiweza, kikao hicho kitakuwa cha mwisho kwa mmoja wao.

Hapa ninawasifu bila kusita. Walipendekeza kuwa kila kikao cha mwezi kianze kwa wenye dhamana kusimama mmoja mmoja mbele ya ubao na kusema wenyewe kadi zao ziko wapi, kabla ya yeyote kuuliza, akianza mwenyekiti. Mzee hahojiwi, anaarifu, na kuarifu ni heshima yake. Ubao una safu tatu, kazi isiyoanza, inayoendelea na iliyokwisha, na anayearifu huisogeza kadi yake mwenyewe. Ubao wa kadi asili yake ni viwanda vya magari vya Toyota huko Japani, ambako kadi zilitumika kuagiza vipuri kwa kadiri vilivyotumika, lakini haukuonekana mgeni hata kidogo ulipotundikwa kwenye ukuta wa madrasa.

Sasa nije kwenye upungufu, ambao si mdogo.

Karatasi zote walizotugawia zilikuwa za Kiingereza. Maongezi yalikuwa kwa Kiswahili kizuri, hata mmoja wao akijitahidi kuingiza maneno ya Kiamu, lakini karatasi ambayo mtu anarudi nayo nyumbani ili aisome akiwa ametulia ilikuwa katika lugha ambayo wengi wa kina mama hawaisomi. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa tafsiri inaandaliwa. Huduma inayouzwa Lamu ilipaswa kuiandaa kabla ya kuweka bei.

Jedwali lao la herufi nne, linaloitwa RACI, lilitupotezea asubuhi nzima. Linataka kila kazi iandikiwe mtendaji, mwenye dhamana, wa kushauriwa na wa kuarifiwa, na bila shaka linafaa katika shirika lenye idara nyingi, ambako jambo la idara moja linaweza kuwashangaza watu wa idara nyingine. Kwetu sisi safu mbili za mwanzo zilitosha. Wa kushauriwa waligeuka kuwa orodha ya kila mwenye mvi, kwani hakuna aliyethubutu kumwacha mzee nje, na wa kuarifiwa wakawa mji mzima. Kufikia adhuhuri jedwali lilikuwa limejaa majina na halikumwambia mtu chochote, na kwa bahati nzuri adhana ikatuokoa.

Kosa lililonikera zaidi lilikuwa kalenda. Mpango wa mwaka walioupanga ulikuwa wa juma kwa juma: Jumatatu kunywesha, Alhamisi kuondoa majani, na kadhalika. Bahari haifuati Jumatatu. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, na maji mafu huja kwa mwezi mwandamo, kuanzia kama tarehe saba na tarehe ishirini na mbili, si kwa juma la ofisini; mtu akifuata kalenda ile angemwagia maji matuta yaliyo chini ya bahari, na angekaa nyumbani siku ambazo miche inakauka. Kina mama waliliona kosa hilo mara moja na kuipanga upya kazi ya kunywesha kwa tarehe za mwezi, kila muhula wa maji mafu ukiwa na mwenye dhamana wake. Wawezeshaji walikubali kwa unyenyekevu, lakini walikuwa wamekuja katika mji unaofunga na kufungua kwa mwezi, na mtu aliyeishi pwani alipaswa kuja na kalenda hiyo mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo siwasamehe kuiweka siku ya pili kuwa Ijumaa. Tulivunja kikao mapema kwa ajili ya swala, na sehemu ya fedha, ambayo ilikuwa imebakizwa mwisho, ikapitiwa mbio mbio.

Tena hawakuomba kusoma katiba yetu kabla ya kuanza. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi na kiwe na katiba, na katiba yetu inasema waziwazi kuwa ununuzi wowote hupitia kwa mweka hazina. Kwenye ubao, dhamana ya kununua viriba ilipewa kijana anayejua bei za Mombasa. Alikwenda akanunua, kwa bei nzuri, na mweka hazina akakataa kutia sahihi, naye alikuwa na haki. Katiba hueleza vyeo, na ubao hueleza kazi. Vikiandikwa bila kusomana, watu wawili wema watagombana kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi. Kusoma kurasa chache usiku mmoja kabla ya kuja kungeliepusha jambo hilo.

Pendekezo lao la kuhamishia ubao kwenye programu ya simu sikuliona kuwa na maana kwa kikundi ambacho wengi wa kina mama wake wana simu za vitufe. Hata kwa wenye simu kubwa, tulikwisha kuwa na kundi la WhatsApp, na kazi inayotangazwa humo saa nne asubuhi kufikia magharibi imefunikwa na salamu, dua za wagonjwa na picha za harusi. Ukutani kadi haifunikwi.

Walirudi baada ya mwezi kwa nusu siku bila malipo, kama walivyoahidi, wakaukuta ubao ukitumika. Walizikuta pia kadi mbili ambazo zimesogezwa kwenye safu ya kazi zilizokwisha ilhali hakuna aliyekwenda kutazama, na wakatuagiza kwamba kadi isisogezwe mpaka mtu wa pili, asiyekuwa mwenye dhamana, awe ameona kwa macho. Agizo hilo linafuatwa kwa kitalu. Kwa mambo ya ofisi, ninasema kweli, bado tunaoneana haya. Matuta ya juu yameipita mihula kadhaa ya maji mafu yakiwa na unyevu, na anayetaka kujua ni kwa nini aende akatazame ubao, atakuta jina la aliyekuwa na zamu.

Ni nani basi ailipie huduma hii? Kikundi chenye kazi nyingi ndogo zinazofuatana, kama kitalu, ufugaji wa kaa au usafi wa ufuo, ambako kazi moja ikikosekana nyingine zote zinaharibika, kitapata faida tangu siku ya kwanza. Kamati za ufuo za wavuvi, zilizowekewa kanuni tangu mwaka 2007 na ambazo tayari zina mkutano mkuu, kamati tendaji na kamati ndogo, zitafaidika zaidi na ile siku ya kadi kuliko na majedwali, kwani muundo wanao. Kinachowapungukia mara nyingi ni kujua nani anaandika uzito wa samaki siku mwandishi akisafiri. Kikundi cha watu watano hakihitaji kumlipa mtu ili kijue nani anafanya nini. Na kikundi kinachogombana juu ya fedha zilizopotea kisiwaite kabisa, maana kitawafanya waamuzi, nao hawakuja kwa kazi hiyo, na baada ya siku mbili kitakuwa na ubao mzuri na ugomvi ule ule.

Anayewaita awape katiba na kalenda ya mwezi kabla hawajapanda boti, asikubali Ijumaa, adai karatasi za Kiswahili, na aombe mpango wa mwaka uondolewe ili muda wake utumike kwenye kadi. Sisi tumeshawaambia kuwa tutawaita tena kabla ya msimu ujao kwa siku moja tu, kwa kazi za kitalu na za fedha peke yake, mweka hazina akiwa amekaa mbele. Wamekubali kwa bei ya siku moja, na nauli ya boti, kama kawaida, ni juu yetu.